Fisi Aliyejua Nusu ya Neno

"Jamani, nilete hadithi?"

"Ilete tuionje."

"Na ikiwa na uongo?"

"Uongo tutautema, utamu tutaumeza."

Basi sogeeni. Hapo kale, si kale sana maana shule ilikwisha kujengwa, alikuwako Fisi mwenye nguvu nyingi na njaa nyingi zaidi. Kila asubuhi alijilaza majanini nyuma ya darasa la tatu, akisikiliza masomo ya bure. Siku moja Mwalimu Mghoi akafundisha Kizungu.

"Kam ni njoo," akasema.

"Kam ni njoo," watoto wakaitikia.

"Kam ni njoo," Fisi naye akanong'ona. Akaondoka hapo hapo. Hakungoja somo liishe.

Njiani akamkuta Kanga. "Kam," akamwambia.

"Ndiyo nini?"

"Kizungu hicho. Maana yake njoo."

Kanga akaona haya kukataa Kizungu. Akaja, tapu tapu tapu. Ngwamu. Yakabaki manyoya.

Akamkuta Panya Buku. "Kam."

"Ndiyo nini?"

"Kizungu hicho. Maana yake njoo."

Buku naye akaja, chiri chiri chiri. Ngwamu. Ukabaki mkia.

Akafika kwenye majabali, kwao Pimbi, yule mnyama mdogo mnene asiye na mkia. Mama Pimbi alikuwa juu akiota jua, na mwanawe Kokoto alikuwa chini akicheza.

"Kam," Fisi akasema.

Kokoto alikuwa mtoto mwenye adabu. Akaja, pata pata pata. Fisi akamkanyaga mgongoni.

Mama Pimbi akaona yote toka juu. Angepiga kelele, lakini nani amewahi kumshinda fisi kwa kelele? Akashuka polepole, akasimama kando kidogo.

"Shikamoo, Mzee Fisi. Nasikia umesoma."

"Marahaba. Nimesoma sana."

"Basi mbona umekomea nusu? Wasomi watakucheka. Kam ni ya mwenye kuita. Mwenye kuitwa hujibu, 'Aim kaming', yaani nakuja. Kisha anakuja kweli. Hapo ndipo neno linatimia."

Fisi alipenda nyama, ila kuchekwa hakupenda kabisa. "Mtoto, jibu."

"Aim kaming," Kokoto akasema kwa sauti nyembamba.

"Haya, njoo."

"Atakujaje, mzee wangu?" mama akauliza kwa upole. "Si yuko hapo chini ya mguu wako? Aliyekwisha kufika hawezi kuja. Asiyekwenda, atakuja kutoka wapi?"

Fisi akawaza. Akakunja uso, akawaza tena. Akaona ni kweli. Akainua mguu.

"Aim kaming," Kokoto akasema, pata pata pata, hadi ndani ya ufa wa jabali.

"Aim kaming," mama naye akasema, pata pata pata, akamfuata mwanawe. Wakakumbatiana humo gizani.

Fisi akaita, "Kam."

Jabali likajibu, "Aim kaming."

Akaita tena. Likajibu tena. Jua likazama, na Fisi akalala na njaa.

Kesho yake, shaka imemjaa, akarudi shuleni kuhakikisha. Akamwona Mwalimu Mghoi akitazama saa. Mwalimu akawaambia watoto, "Aim kaming," akatoka kwenda kunywa chai. Fisi akatikisa kichwa. "Kumbe yule mama amenizidi elimu," akasema. Akaenda kuketi mbele ya jabali kwa heshima zake zote, akingoja. Wanyama humwita mjinga. Mimi humwonea huruma, maana si wengi wanaojua kungoja kwa adabu vile.

Hadithi yangu imechoka, naiacha ipumzike. Aliyesinzia amuulize jirani yake. Na funzo lake ni hili, watoto, mlishike: mkubwa akikuita, usiulize maswali. Itika vizuri "nakuja", kisha uondoke upesi.