Sikudhani Digidigi Azuiwa Kukimbia

Nisimulie, nisisimulie?
Simulia!
Mtanisikiliza, hamtanisikiliza?
Masikio tumeyafungua!

Basi kaeni vizuri. Hadithi ya leo inaniudhi tangu siku niliyoisikia, na kila nikiisimulia sauti inanipanda. Mnivumilie.

Hapo kale, katika bonde la Mikwajuni, palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka kiangazi. Kila mwaka mvua zikikatika, wanyama walishindana mbio kutoka kichuguu cheupe mpaka chemchemini. Mshindi, yeye na wote aliowachagua, walikunywa kwanza kila asubuhi, kiangazi kizima.

Miaka mingi mshindi alikuwa Nyati. Alikuwa na kifua kipana kama mlango wa zizi, na njiani hakumpisha mtu. Alikimbia gdu! gdu! gdu! Aliyemkaribia alikula pembe ya ubavu akabaki nyuma. Na akifika majini hakunywa kama wengine. Aliingia mzima mzima, chubwi! Akanywa, akagaragara, akakojoa humo humo, akatoka. Wadogo waliokunywa mwisho walikunywa tope. Vifaranga waliharisha, wengine wakafa. Na mwenyekiti wa kamati ya mbio alikuwa nani? Nyati huyo huyo!

Kisha mwaka mmoja akatokea Sikudhani. Alikuwa digidigi, mdogo kuliko mbuzi, miguu myembamba kama vijiti. Alikimbia ti-ti-ti-ti, akapenya chini ya tumbo la Nyati, akafika wa kwanza. Kiangazi kile wadogo wote walikunywa maji meupe. Nyati alisubiri zamu yake, uso ameukunja mpaka mvua zikarudi.

"Mwakani," akasema. "Mwakani tutaonana."

Mwakani ikafika. Siku chache kabla ya mbio, ghala la Mama Kanga likavunjwa, mtama wote ukaliwa. Mama Kanga akalia, "Jamani, wanangu watakula nini?" Mgambo Ngiri akaja mbio, mkia juu. Akainama, akanusa nf! nf! nf!, akaona alama ya kwato ndogo mchangani.

"Nani ana kwato ndogo hapa?" akauliza.

"Digidigi," mtu akajibu.

"Basi nimemaliza uchunguzi."

Akamkamata Sikudhani, akamburura mpaka kwa Hakimu Kobe.

"Nilipita pale jana asubuhi kumjulia hali Mama Kanga!" Sikudhani akalia. "Kila mtu hupita pale!"

Hakimu Kobe akatafuna jani lake taratibu, akalimeza. "Kesi nitaisikiliza mwezi ukiandama," akasema. "Kwa sasa rudi nyumbani, binti. Hujahukumiwa kitu."

Lakini mbio zilikuwa kabla mwezi haujaandama. Nyati alilijua hilo. Akaitisha mkutano siku ile ile, akasimama mbele, akakohoa.

"Kamati imeamua. Mkimbiaji aliyekamatwa asikimbie mpaka kesi yake iishe."

Kamati! Wajumbe wengine walikuwa wanasikia habari hiyo pale pale, kama sisi.

Sikudhani akasogea mbele. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba."

"Mimi nimeiba?"

"Hatujasema umeiba. Tumesema usikimbie."

"Na hakimu akiona sikuiba, mbio zitarudiwa?"

"Mbio hazirudiwi."

"Basi maji tutakayokosa, mimi na wadogo wote hawa, atatulipa nani?"

"Binti," Nyati akanguruma, "unajibizana na wakubwa?"

Hapo Mama Kanga akasimama, macho mekundu. "Mimi ndiye niliyeibiwa," akasema. "Mbona mimi hamniulizi? Wanangu wanalia njaa. Mnataka nisimame kando ya njia nimpigie makofi mtu aliyekula chakula chao?"

Maneno yale yalimchoma Sikudhani kuliko meno ya Ngiri, kwa kuwa vifaranga wale aliwajua kwa majina.

"Mama," akasema polepole, "ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo. Lakini je, kama siye mimi?"

Mama Kanga akatazama chini.

Mkutano ukavunjika. Sikudhani akaenda kichakani kwake akalia. Alilia kwa hasira, si kwa huzuni. Jamani, hasira ya kuonewa mnaijua? Mtu anakuambia hujafanya kosa, na wakati huo huo anakuadhibu! Unamshika wapi mtu wa namna hiyo? Akalia mpaka machozi yakaisha, kisha akafuta pua, akaanza kufikiri.

Asubuhi ya mbio jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Wakimbiaji wamejipanga penye kichuguu cheupe, Nyati katikati, anapiga kwato chini. Sikudhani akaja, akasimama pembeni kwa adabu.

"Umefuata nini?" Nyati akauliza.

"Kutazama tu, Mwenyekiti. Ila kuna wenzetu hawakufika mkutanoni. Ungewasomea ile kanuni, kwa sauti yako nzuri."

Nyati aliipenda sauti yake. Akavimbisha shingo. "Aliyekamatwa asikimbie!"

"Hata kama hajahukumiwa?"

"Hata kama hajahukumiwa!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata nikiwa mimi!"

Watu wakapiga makofi, pa-pa-pa! Nyati akainamisha kichwa kuyapokea. Na yeye anapoyapokea, Sikudhani akazunguka, ti-ti-ti, akasimama upande wa pili, ndani ya kivuli cha Nyati. Kisha akapiga ukelele.

"Mgambo! Mgambo! Nimeibiwa!"

Ngiri akaja mbio, mkia juu. "Umeibiwa nini?"

"Kivuli changu! Nimekuja nacho, sasa sikioni."

Ngiri akainama, akanusa nf! nf! nf! Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kweli, Sikudhani hakuwa na kivuli.

"Nani alikuwa karibu nawe?"

"Mimi simtaji mtu, Mgambo. Tazama tu mwenyewe nani ana kivuli kikubwa kupita kiasi."

Ngiri akakitazama kivuli cha Nyati, kilivyolala kirefu mpaka kule kwenye miiba. Akatikisa kichwa.

"Basi nimemaliza uchunguzi." Akamdaka Nyati mkia. "Mwenyekiti, umekamatwa."

"Mpumbavu wewe!" Nyati akafoka. "Kivuli kinaibwa?"

"Hilo utamwambia hakimu. Mimi kazi yangu kukamata."

Wanyama walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nyati akageuka huku, akageuka huku, Ngiri ananing'inia mkiani kama kupe.

"Niacheni nikimbie!" akanguruma. "Nimekamatwa tu! Sijahukumiwa! Mtaninyimaje mbio kwa neno la mtu mmoja?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama. Mama Kanga, aliyekuwa amesimama nyuma na vifaranga wake, akajitokeza.

"Rudia hapo, Mwenyekiti," akasema. "Umekamatwa tu?"

"Nimekamatwa tu!"

"Na yeye je?"

Nyati akapiga kwato chini, akageuzia uso pembeni.

"Mimi mtama wangu bado unaniuma," Mama Kanga akasema. "Lakini kama wewe umekamatwa tu, na huyu amekamatwa tu. Kimbieni wote au kaeni wote."

Nyati akatazama kule bondeni. Maji yalikuwa yanameremeta. Udenda ukamtoka. Tamaa ikamzidi nguvu.

"Haya!" akasema. "Kanuni imefutwa! Wote wakimbie!"

Ngiri akauachia mkia, wakatoka. Gdu! gdu! gdu! Nyati mbele. Ti-ti-ti-ti! Sikudhani nyuma yake. Penye kona Nyati akainamisha pembe amchome ubavuni. Sikudhani akaruka kando, hop! Pembe ikazama kwenye kichuguu kingine, ndu! Nyati akavuta, akavuta, akatukana, akavuta. Alipojinasua, Sikudhani alikuwa amesimama chemchemini, pua imelowa.

Akawaita wadogo wote waje wanywe. Akamwita Mama Kanga pia, na wanawe. Mama Kanga akaja, akanywa, akaondoka bila kusema neno. Sikudhani hakumlazimisha kusema.

Mwezi ukaandama. Hakimu Kobe akakataa kukaa mahakamani. Akajikokota mpaka penye ghala lenyewe, wote wakimfuata. Akazitazama nguzo. Zilikuwa zimevunjika juu sana, mahali ambapo Sikudhani hata akiruka hafiki.

"Mgambo, hizi nguzo uliziona?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nilikuwa nimeshamaliza uchunguzi."

"Binti, nenda zako. Huna kesi."

Na papo hapo, hebu sikieni, walewale waliokaa kimya mkutanoni wakaanza kupiga kelele. "Ni Nyati! Ni Nyati tu! Anyimwe maji leo leo!"

Sikudhani pua ikamtetemeka kwa hasira. "Nyamazeni!" akasema. "Nani alimwona? Aitwe, asikilizwe. Na mpaka hapo anywe maji kwa zamu yake kama wengine."

Nyati akaitwa, akasikilizwa. Kesi ya kivuli ilifutwa mara moja, maana mlalamikaji alikuja nacho mbele ya hakimu. Kesi ya mtama ilichukua muda. Twiga akaja akasema alimwona Nyati akisukuma ghala kwa paji la uso alfajiri ile, na kwamba alinyamaza kwa kumwogopa. Nyati akaulizwa, akababaika, mwishowe akakiri. Akaamriwa ajenge ghala jipya, na asikimbie tena mbio za chemchemi. Baada ya kusikilizwa, jamani. Si kabla.

Mama Kanga ndipo alipokwenda kichakani kwa Sikudhani. Alikaa huko mpaka jua likawa kali. Waliyozungumza hawakumwambia mtu.

Mnataka funzo? Haya, funzo ni hili. Ukitaka kuwa bingwa, usijisumbue na mazoezi, yanachosha bure. Tafuta mgambo mvivu, mtajie jina la aliyekushinda, kisha uitishe kamati. Na wewe mwenye mbio ukikamatwa bila kosa, inama, sema ahsante, kaa nyumbani utulie. Wakubwa hawakosei.

Nimeutua mzigo!
Tumeupokea!
Aliyeupenda aende nao kwao. Asiyeupenda auache hapo hapo, kuna wengine watapita.