Mikuyu Sita Isiyo na Kamba

Zamani hizo za kale, siku ya kupanda miti mteremkoni, walikuwapo hawa: Mzee Tembo, Shangazi Kiboko, Bwana Nyati, Mama Nungunungu na tumbo lake la miezi ya mwisho, Kindi jirani yake, na Kobe, aliyekuwa mwenyekiti. Hao tu, wanangu. Wengine walisema wana wageni.

Mteremko wenyewe ulikuwa juu ya chemchemi. Miti yake ilikwisha yote kwa kukatwa kuni, kwa hiyo kila mvua iliponyesha udongo ulishuka, poromo-poromo, ukaingia kwenye maji. Ukichota kibuyu, unapata nusu maji, nusu tope. Watoto waliumwa matumbo.

"Mwaka jana tulipanda miti ya wote," Kobe akasema. "Mnakumbuka ilivyokuwa?"

"Ilikufa," akajibu Nyati.

"Ilikufa yote, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake amemwagilia. Safari hii kila mtu na mche wake. Ufunge kamba ya mgomba, uweke alama yako. Mawingu ya masika yakionekana, nakuja kukagua. Ambaye mche wake umekauka hatachota maji hapa mwaka mzima. Atachota mtoni."

Mtoni kulikuwa na mamba. Hakuna aliyecheka.

Basi wakapanda. Ilikuwa mikuyu sita kutoka kitalu kimoja, imefanana kama mayai ya kuku mmoja. Tembo akafunga kamba ya fundo moja, Kiboko mafundo mawili, Nyati matatu. Mama Nungunungu alichomeka mwiba wake mmoja kwenye kamba yake. Kindi na Kobe nao wakafunga za kwao.

Kiangazi kikaanza. Kila alasiri Mzee Tembo alipanda mteremko na mkonga umejaa, fyuuu, akaumwagilia mche wake, akaenda zake. Shangazi Kiboko alileta maji mashavuni. Bwana Nyati alining'iniza vibuyu kwenye pembe, kimoja huku, kimoja kule. Kila mtu na wake.

Mama Nungunungu alijifungua pacha wiki ileile. Sasa niwaulize, wanangu: mama zenu wakienda kuchota maji, mtoto wanamweka wapi? Mgongoni. Na mgongo wa nungunungu mnaujua. Haubebi mtoto. Akitoka, aache pacha peke yao. Akibaki, mche ukauke. Akabaki.

Kindi alimwonea huruma. Akachukua ganda la konokono, akawa anaupelekea maji mche wa jirani baada ya kushinda kutwa akiumwagilia wake. Lakini ganda la konokono linabeba nini? Kufika juu, limebaki tone.

Akamfuata Tembo.

"Mzee, mkonga wako una maji mengi. Mdondoshee na jirani yangu kidogo."

"Sheria si yangu, ni ya mwenyekiti," Tembo akasema. "Kila mtu na mche wake. Leo nikimwagilia wa mwenzangu, kesho nitaitwa kuogesha watoto."

Tembo hakuwa na roho mbaya. Mama Nungunungu alipojifungua, yeye ndiye aliyempelekea kuni za kuchemshia maji, akaziweka mlangoni bila hata kubisha hodi. Ila sheria aliipenda sana.

Kindi akaenda kwa Kobe.

"Nikimsamehe mmoja," Kobe akasema, "wiki ijayo kila mtu atakuwa amejifungua pacha. Hata Nyati."

Kindi akarudi. Akawachungulia pacha. Miiba yao bado ilikuwa laini kama nyasi changa. Akawaza habari ya mtoni, na ya mamba.

Alasiri iliyofuata alimngoja Tembo kwenye mteremko.

"Mzee, samahani. Hii kamba ya nini?"

"Ya alama. Wewe hukufunga?"

"Mimi nilifunga, maana mche wangu ni wa kawaida, ukichanganyika na mingine sitaujua. Lakini mche kama huu wako? Aliyeutunza anaujua bila kamba. Watu wanauliza kwa nini Mzee Tembo anafunga kamba kama mtu mwenye wasiwasi."

"Nani ana wasiwasi?"

"Ndivyo wanavyouliza."

Tembo akaifungua kamba ile kwa ncha ya mkonga, taratibu, akaitupa. Akaondoka kifua mbele.

Kiboko alipokuja, Kindi akamwambia maneno yaleyale, ila akaongeza "Shangazi." Nyati aliposikia wawili wamefungua, hakungoja kuambiwa. Kobe alifika akiwa amechoka, Kindi akamwonyesha miche isiyo na kamba.

"Wenzako wanasema anayefunga anaogopa, mwenyekiti."

"Mwenyekiti haogopi," Kobe akasema. Akaing'ata kamba yake mpaka ikakatika.

Walipoondoka wote, Kindi akafungua yake na ya Mama Nungunungu. Ule mwiba akaurudisha kwa mwenyewe.

Kesho yake jua lilikuwa kali. Ilipofika saa tisa, miche yote sita ilikuwa imeinamisha majani, huu na ule hali moja. Tembo akaja na maji yake. Akainua mkonga. Akaushusha. Akasogea hatua mbili. Akarudi.

"Kindi. Wangu ni upi?"

"Ule mzuri, Mzee."

"Mzuri upi?"

"Mimi nitajuaje? Si unaujua mwenyewe?"

Shangazi Kiboko akafika, mashavu yamejaa. Akasimama mbele ya mche mmoja. "Mmh," akasema.

"Huo nadhani ni wangu," Tembo akasema.

"Mm-mm."

"Huo ndio wangu, Shangazi."

"Mmmh! Mm-mm-mmh!"

"Sema basi, si kunguruma."

Kiboko akameza, gluku. "Nasema huu ni wangu mimi."

"Na maji yake?"

Kiboko akafikiri. "Nimeyanywa."

Akashuka chemchemini kuchota mengine. Nyati akapishana naye njiani, vibuyu vinagongana, koko, koko.

"Wa kwangu uko kushoto," Nyati akasema kwa uhakika.

"Kushoto ukiwa umesimama wapi?" akauliza Tembo.

"Nilikuwa nimesimama... sikusimama. Nilikuwa nimeinama."

"Umeinama umeelekea wapi?"

Nyati akainama kuelekea kilimani, kushoto kukawa upande huu. Akageuka, akainama kuelekea chemchemi, kushoto kukaenda upande wa pili. Akazunguka mara tatu, kisha akakaa chini kwa kizunguzungu.

Kobe naye akatokea. Aliutazama mteremko kwa muda mrefu, kama mtu aliyeingia nyumba si yake.

"Nani kasogeza miche?"

"Haijasogezwa," Kindi akasema.

"Mbona sioni wangu?"

"Wote hatuoni, mwenyekiti."

Maji yalikuwa yanavuja kwenye mkonga wa Tembo, to, to, to. Kindi akapanda pembe ya Nyati, akasema polepole:

"Mimi ni mdogo, nisaidieni kuelewa. Mawingu yakija na mmoja ukawa umekauka, tutasema ni wa nani?"

"Si wangu," Tembo akasema haraka.

"Wala si wangu," wakasema wengine.

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kila mmoja atasema si wake, kisha tutatazamana. Wazee wangu, mara nyingi watu wakitazamana hivyo, macho huishia kwa aliye mkubwa kuliko wote."

Tembo akawatazama. Wote walikuwa wanamtazama yeye.

"Na ukifa ule uliokuwa wako kweli?" Kindi akaendelea. "Utakuwa umemwagilia wa Nyati kiangazi chote."

Tembo akaumwagilia mche uliokuwa mbele yake, fyuuu. Akausogelea wa pili, fyu. Kwenye wa tatu maji yakaisha, akashuka kuchota tena. Kiboko alirudi, akamwona, akaanza upande wa pili. Nyati akamwaga vibuyu vyake viwili palipobaki.

Ikawa hivyo kila siku. Hakuna aliyejua anamwagilia mche wa nani. Tembo alimwagilia alasiri, na asubuhi akarudi kuhakikisha. Kiboko aliposikia Tembo amerudi, naye akarudi. Siku nyingine mche mmoja ulinyweshwa mara tatu, na watatu hao wakagombana juu yake, kila mmoja akimshukuru mwenzake kwa kumtunzia mche wake, na mwenzake akikasirika.

Mama Nungunungu alisikia kelele kutoka mlangoni.

"Jirani," akamwuliza Kindi, "mche wangu bado uko hai?"

"Sijui, dada."

"Hujui? Wewe si ndiye unayekwenda kule?"

"Hakuna anayejua. Wewe nyonyesha."

Hakuelewa, lakini akanyonyesha.

Siku mawingu yalipotokea, Kobe aliwaita wote. Miche sita, yote hai, imefika magotini kwa Nyati.

"Kila mtu asimame penye mche wake," akasema.

Wakaanza kuzunguka. Watatu wakasimama penye mche mmoja. Wakaachana, wakakutana penye mwingine. Kobe mwenyewe alikwenda huku, akarudi, akasahau alikotoka.

"Ngoja," akasema. "Mzee, kamba yako nani aliifungua?"

"Mimi. Kindi aliniambia mche wangu unajulikana bila kamba."

"Na mimi aliniambia hivyo," Kiboko akasema.

"Mimi nilisikia ninyi mmefungua," akasema Nyati.

Kobe akaikumbuka kamba aliyoing'ata mwenyewe. Wote wakageuka. Kindi alikuwa ameshapanda juu ya jiwe.

"Shuka," Tembo akasema.

"Nikishuka utanikanyaga?"

"Bado sijajua."

Ndipo Mama Nungunungu alipotokea njiani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka. Pacha walikuwa wanatembea mbele yake, wanaanguka na kuinuka, naye anangoja kila wanapoanguka.

"Shikamoo, Mzee," akasema.

"Marahaba, mama. Watoto wamekua."

"Wamekua. Nimekuja kuuona mche wangu. Sikuweza kupanda huku tangu siku ile. Kama umekufa, niambie tu, nijue njia ya mtoni mapema."

Tembo akainua mkonga kumwonyesha. Ukaenda kwenye mche wa kwanza, ukaenda kwenye wa nne, ukabaki hewani.

"Chagua," akasema mwishowe.

"Nichague?"

"Wowote. Yote nimeimwagilia."

"Tumeimwagilia," Kiboko akasema.

Kobe akakohoa. "Na sheria?"

"Sheria inasema mche uliokauka," Tembo akamjibu. "Tuonyeshe ulipo."

Kobe akakagua mmoja mmoja kwa mwendo wake ule, nao wakamngoja. Hakuuona. Kindi akashuka jiweni, na hakukanyagwa.

Wanangu, kitu usichojua ni cha nani kitunze kama chako.

Masika yale chemchemi haikuingia tope.