Hatamu ya Pemboni

Atakaye ngano aseme nataka.

— Nataka!

Asiyetaka akalale.

— Halali mtu!

Basi sogeeni. Na wewe kule nyuma acha kunong'ona, maana nikikatizwa nasahau, na nikisahau nabuni.

Hapo kale, kale ya kale, palikuwa na mji uitwao Pemboni. Mji huo ulikuwa na kila kitu isipokuwa farasi. Mbuzi walikuwepo. Punda walikuwepo, wamefungwa kamba za makumbi shingoni. Lakini farasi hakuna aliyewahi kumwona hata kwa mbali. Walichokuwa nacho ni hatamu. Mgeni mpita njia, aliyelazwa na kulishwa na babu yake Jumbe Shekuwe, mkuu wa mji katika ngano hii, aliiacha kama shukurani: ngozi nyekundu, vishada pembeni, na chuma cha kuingia mdomoni. Babu akauliza hiki ni kitu gani. Mgeni akasema ni hatamu, na anayeishika humpeleka mnyama anakotaka. Babu alikuwa amewahi kusikia kwamba hatamu ni ya farasi, na hilo likamtosha.

Babu akatoka nje ameishika mkononi. Watu wakampisha. Akafurahi, akarudi kwa njia nyingine ili apishwe tena. Tangu siku hiyo, Pemboni mwenye hatamu ndiye Jumbe. Akitaka mtu amlimie shamba huinyanyua tu, na mtu hulima.

Kwa kuwa hatamu bila farasi ni aibu, wakajenga banda la farasi. Kwa kuwa banda halikai bila mtu, wakateua mtunza farasi. Kazi ikatoka kwa babu yake Msellem ikaenda kwa baba yake, ikatoka kwa baba ikaenda kwa Msellem mwenyewe, na ngano hii ni yake.

Msellem alikuwa mtu mwema, mpole, na mvivu kidogo, kama mimi na wewe. Asubuhi alifagia banda lisilo na mavi. Akamwaga maji ambayo hayakunywewa, akateka mengine. Watu wa mji walileta nyasi kwa zamu, na jioni Msellem aliwapelekea mbuzi wake, wakanenepa hata wakawa wanatembea kwa kupumzika. Kwa kazi hiyo alipewa nyumba ya mawe, na penye karamu alikaa mbele, karibu na sinia. Mkewe, Mwanaesha, alikuwa na ua wake mpana, na watoto walilala pasipovuja. Msellem aliipenda nyumba ile kupita kiasi.

Mtu akiuliza, "Farasi yuko wapi?" Msellem alijibu, "Amelala." Akiuliza tena, "Amekwenda kuoga." Akiuliza mara ya tatu, "Hapendi watu wenye maswali." Basi watu wakaacha kuuliza.

Asubuhi moja Msellem akafungua banda, fagio mkononi, akamkuta mnyama mkubwa ndani anakula nyasi za zamu. Hakujua ni nini, ila aliona si wa kudharauliwa.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi mtunza farasi."

"Mimi farasi. Umeshamtunza nani?"

Msellem akalitazama fagio lake. "Wewe ndiye wa kwanza."

Farasi akamweleza kwamba amemtoroka bwana wake, aliyekuwa akimvuta mdomo mpaka unatoka damu, na kwamba amepita kupumzika tu, hakuja kukaa.

Walioleta nyasi wakamwona, na kabla jua halijapanda mji mzima ulikuwa unapiga ngoma. Waliohuzunika walikuwa wawili: Msellem, na Jumbe Shekuwe mwenyewe, ambaye hata ngazi hakuipanda bila kushikwa mkono. Lakini watu walikuwa wanamtazama. Akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya sala, atampanda farasi wake. Kisha akamwita Msellem faragha, pasipo mtu kuona, akamwazima hatamu.

"Ukimvisha, umefanya kazi yenu ya tangu babu," akasema. "Usipomvisha, nitajua mlikuwa mnakaa nyumba yangu bure. Utatoka wewe, mkeo na watoto. Mbuzi watabaki."

Msellem akaingia bandani, hatamu mkononi.

Akajaribu kwa sukari guru. "Inamisha shingo, bwana farasi."

"Shingo ni yangu, bwana mtunzaji." Na sukari akaila.

Akajaribu kwa ukali, amesimama juu ya kinu ili aonekane mrefu. "Inamisha shingo, bwana farasi."

"Shingo ni yangu, bwana mtunzaji." Farasi akasogea kidogo, Msellem akaanguka na kinu chake.

Mara ya tatu akalia. Hakuigiza, aliwaona watoto wake wakinyeshewa, na moyo ukamuuma kwelikweli. "Inamisha shingo, bwana farasi."

"Shingo ni yangu, bwana mtunzaji. Lakini hebu lete niione."

Farasi akainusa upande huu, akainusa upande ule.

"Hii ni ya punda," akasema.

"Punda?"

"Punda mdogo. Hainifiki hata masikioni."

Msellem akaketi chini. Akayafikiria mashamba yote yaliyolimwa, na watu wote waliopisha njia.

Farasi akamwonea huruma. Akamwambia nyasi zake ni nzuri, kwa hiyo atamsaidia: ataibana hatamu kwa meno, na atakayekaa juu atadhani anamwongoza. Msellem akambusu pua.

Nyumbani akamsimulia mkewe yote. Mwanaesha alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Kisha akakumbuka. Baba yake aliharibika mgongo ujanani akibeba mawe ya banda lile, na hakuwahi kusimama wima tena mpaka alipozikwa. Akamtaka mumewe awaambie watu. Msellem akaahidi. Atawaambia, alisema, Ijumaa ikishapita na nyumba ikiwa salama.

Ijumaa ikafika. Jumbe Shekuwe akabebwa, akawekwa juu. Akavuta kulia, farasi akaenda kushoto, akaingia kwenye shamba la kunde.

"Nilitaka kukagua kunde," akasema Jumbe.

"Hewala!" wakasema watu.

Akavuta kushoto; farasi akaenda kulia, mpaka kisimani.

"Nilitaka kukagua kisima."

"Hewala!"

Akavuta nyuma ili asimame. Farasi akatoka mbio kuelekea kwenye tope la mikoko. Alichotaka kukagua safari hii hakuna aliyekisikia.

Baadaye farasi akarudi peke yake, hatamu mdomoni. Akapita katikati ya watu mpaka alipo Msellem, akaidondosha miguuni pake. Akamshukuru kwa nyasi, akaondoka zake, na Pemboni hawakumwona tena.

Watu wote wakaitazama hatamu chini. Msellem naye akaitazama. Kisha akaitazama nyumba yake, paa lake, mlango wake.

"Sasa waambie," Mwanaesha akasema kwa sauti ya chini.

Msellem akainama, na alipoinuka alikuwa ameishika.

Watu wakampisha.

"Msellem, ni ya punda."

"Mwanaesha," akajibu, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia nyumbani, "kesho zamu ya nyasi ni yako."

Shekuwe alirudi alasiri, tope mpaka ndevuni. Jumbe Msellem hakuwa mkatili, alimpa fagio. Na kwa kweli Shekuwe akawa mtunza farasi bora kuliko wote waliotangulia, maana yeye angalau alishampanda.

Kesho yake Mwanaesha alikata nyasi, mzigo mkubwa kuliko wa mtu yeyote. Akajitwika. Akapita mbele ya banda bila kugeuza shingo, akaenda kumtupia punda wa jirani, akasimama pale mpaka punda akamaliza. Jumbe Msellem alimwona kutoka dirishani. Hatamu ilikuwa mkononi mwake, na hakuinyanyua.

Basi wenzangu, mafunzo ni haya: ukimwona mtu ameshika hatamu, muulize mnyama yuko wapi. Ila uliza ukiwa mbali.

Ngano yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aingie nayo ndani, asiyeipenda aniachie mwenyewe. Mimi nawaaga, kesho naamka mapema, nina nyasi za kupeleka.