Mstari Juu ya Paa la Dada

Ofisi ya wachoraji wa njia za ndege ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chumba cha vioo chenye meza pana na kompyuta zisizozimwa. Humo alifanya kazi mwanamume mmoja mpole ambaye wenzake walimbandika jina la Rula. Naye hakulikataa. Alikuwa mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi, na kazi yake ilikuwa kunyoosha njia za angani.

Zamani ndege zilisafiri kutoka mnara mmoja wa redio hadi mwingine, na zilipokaribia uwanja waongozaji walizielekeza kwa sauti: geuka kushoto, shuka kidogo, zunguka kwanza. Kila moja ilitua kwa kupitia upande wake, kama mbuzi warudipo zizini. Siku hizi setilaiti huijulisha ndege mahali ilipo, nayo hufuata mstari uliochorwa ofisini bila kuyumba. Rula alikuwa amechora mstari wa namna hiyo. Ndege zilizoufuata zilishuka taratibu, injini zikiwa zimetulizwa. Mafuta yalipungua, na waongozaji wakapata hata nafasi ya kunywa chai ingali moto. Mstari ulikuwa bado katika majaribio. Kilichobaki ni kikao cha mkurugenzi kuupitisha uwe wa kudumu, na Rula alikuwa na raha ya mtu aliyeezeka nyumba kabla ya mvua.

Jumapili moja alikwenda kumjulia hali dada yake mkubwa, muuguzi wa zamu ya usiku, aliyebaki katika nyumba waliyoachiwa na wazazi wao. Alimkuta amezungukwa na maboksi, akifunga vikombe kwa magazeti.

"Dada, unahama?"

"Nimepata chumba cha kupanga karibu na hospitali. Hapa tutaweka wapangaji."

"Nyumba ya mama?"

"Nyumba ya mama ni nzuri, mdogo wangu. Usingizi ndio hakuna." Akaelekeza kidole darini, ambako ndege za mstari ule zilipita. "Juzi nilimpelekea mgonjwa dawa ya jirani yake. Bahati mwenzangu aliniona kabla hajaimeza. Sitaki kungoja siku ambayo hataniona mtu."

Rula aliketi juu ya boksi. Maneno yalimwingia polepole, kama maji katika udongo mkavu.

"Lakini tulipima," akasema. "Mashine ya kupimia kelele ilikaa mtaani kwenu mwezi mzima. Kelele zimepungua kuliko zamani."

"Hiyo mashine ililala?"

"Mashine hailali, dada."

"Basi ndiyo maana haikulalamika."

Rula alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mbona hukuniambia mapema?"

"Ningekuambiaje? Kila ukija hapa unasimama uani, unanionyesha ndege zako, unatabasamu kama baba aliyeona mtoto ametambaa. Nikasema ngoja nimeze tu."

Rula hakuwa mwepesi wa kukubali jambo, wala hakuwa mwepesi wa kulikataa. Aliomba ufunguo wa nyumba, akachukua likizo, akaamua kuishi kwa saa za dada yake: kukesha usiku na kulala mchana, juu ya kitanda kile kile, chini ya dari ile ile. Dada yake akahamia kwa muda katika kile chumba cha kupanga, huku akimwambia, "Ukishindwa, usione haya kunipigia simu."

Asubuhi ya kwanza Rula alijinyoosha kitandani akiwa hoi. Ndege ikapita. Ilitoa mvumo wa chini tu, kama mtu anayekokota jamvi chumba cha pili. "Ni hii tu?" akajiuliza, akafumba macho. Ikapita nyingine, ikikokota jamvi lile lile, kutoka kona ile ile ya dari hadi kona ile ile ya pili. Ikapita ya tatu. Hapo akagundua kwamba alikuwa ameingoja. Ya nne ilipochelewa, alifumbua macho kabisa akajiuliza imekumbwa na nini; ilipopita hatimaye, alishusha pumzi, na usingizi ukawa umekwisha kukimbia.

Kumbe kelele za zamani zilitawanyika. Ndege moja ilipita huku, nyingine kule, na kila paa lilipata fungu lake dogo, masikio yakasahau. Mstari wake ulikuwa umekusanya mafungu yote ukayamwaga juu ya paa moja. Mashine ilipima ukubwa wa kelele, haikupima kungoja.

Alivumilia siku kadhaa. Mwishowe akatia chumvi kwenye chai, akainywa yote, asitambue ladha yake.

"Nitauhamisha mstari," alimwambia dada yake alipokuja kumtazama.

"Uupeleke wapi?"

"Upande wa pili wa bonde. Kule."

"Kule kuna akina nani? Kuna mapaa kule, mdogo wangu. Usinisitiri mimi kwa kumvua nguo mwenzangu."

Neno hilo lilimfikirisha. Akarudi ofisini, akachora mstari wa pili upande ule wa bonde, bila kuufuta wa kwanza. Ndege zingepokezana: kwa saa chache zingefuata mmoja, kisha zingehamia mwingine, ili kila upande upate kupumzika. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa kupendeza. Akaupeleka kwa mkuu wa waongozaji, mama mnene mcheshi ambaye marubani wenyewe walimwita Mama Foleni.

Mama Foleni aliutazama kwa muda mrefu. "Umechora vizuri," akasema. "Sasa njoo ukae."

Akampeleka chumba cha mafunzo, akamketisha mbele ya skrini, akamvisha vipokea sauti. Chumba cha jirani walikaa wanafunzi waliojifanya marubani. Mwanzoni mambo yalikwenda kama yalivyochorwa. Saa ya kubadilisha mstari ilipofika, baadhi ya ndege zilikuwa zimekwisha kuingia katika mstari wa kwanza, na nyingine zikaanza kushuka kwa wa pili. Zote zilitaka mlango mmoja. Sauti zikamjia tatu kwa pamoja. Rula akaizungusha moja, akaisahau nyingine. Alama mbili zikakaribiana, skrini ikawaka nyekundu.

Mama Foleni akasimamisha zoezi. "Pole, baba. Jasho hilo futa, usiliaibikie. Sisi tungebadilisha hivyo mara ngapi kwa siku?"

"Mara nyingi," Rula akakiri kwa sauti ya chini.

"Basi tungerudi kule kule kwenye chai baridi."

Hakumcheka zaidi ya hapo. Alivuta kiti, wakakaa pamoja mchana kutwa. Wakakubaliana kwamba mistari ipokezane kwa wiki, na ibadilishwe saa ile ya mchana ambayo uwanja hunyamaza, ndege zikiwa chache mno. Rula akakaa tena mbele ya skrini, akajaribu, na safari hii hakuna kilichowaka.

Siku ya kikao ilipowadia, mkurugenzi alikifungua kwa kumpongeza Rula kwa mstari wake. Rula akasimama.

"Naomba usipitishwe peke yake," akasema. Akaeleza habari ya dada yake, dawa ya mgonjwa, kitanda, na mstari wa pili wa kupokezana kwa wiki.

Mjumbe wa mashirika ya ndege akakunja uso. "Huo wa pili ni mrefu zaidi. Mafuta je?"

"Yataongezeka kidogo. Bado ni nafuu kuliko tulikotoka."

Mkurugenzi akamgeukia Mama Foleni. "Na nyinyi mtaweza?"

"Tumekwisha kuujaribu," akajibu. "Mchoraji mwenyewe aliongoza. Hatumwajiri, lakini ameongoza." Watu wakacheka, mjumbe naye akajikuta anacheka, na mistari yote miwili ikapitishwa.

Dada alirejea nyumba ya mama. Vikombe vilirudi kabatini, na chumba cha kupanga akakiachia mwanafunzi wa uuguzi. Wiki ambayo ndege zilipita kwake, aliomba zamu za mchana. Na hata zilipomkosesha usingizi alijua kwamba zina siku ya kuondoka. "Adha yenye mwisho huvumilika," alisema.

Wiki moja ambayo ndege zilipita upande wa pili wa bonde, Rula alipita asubuhi kumsalimu. Alibisha mara moja, hakuitikiwa. Akasogea dirishani, akasikia mkoromo mzito wa dada yake ukipanda na kushuka bila haraka. Aliketi kizingitini, akasikiliza kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata mbele ya kompyuta. Tangu hapo hakuchora mstari bila kwanza kwenda kukaa chini yake, na mbele ya skrini ya waongozaji, kwani alikuwa ameonja ukweli mwilini mwake: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.