Mchicha wa Kona ya Juu

Mtu mmoja alikuwa na bustani nyuma ya nyumba ya kupanga mjini. Jina lake Luhende. Kwa miaka kumi na tisa alilima mchicha na nyanya katika kipande kisichozidi mikeka miwili, wala gugu halikulala humo. Majirani walimsifu, na sifa zikamkaa kichwani. Alichokipanda yeye kilikuwa mmea. Asichokipanda kilikuwa gugu. Kwa bustani ya mikeka miwili, hilo halikumdhuru mtu.

Alipostaafu alitafuta shamba, akalipata mlimani, ekari moja na nusu yenye mfereji. Aliyeliuza ni mjane aitwaye Ndeshingio, ambaye magoti yalikuwa yamemkatalia kulima, naye alihamia kwa dada yake, mwendo mfupi kutoka pale. Desturi ya kule ni kwamba kabla ya kupeana mikono, muuzaji humzungusha mnunuzi shamba zima na kumweleza kila kilichomo. Luhende alisema hakuna haja, yeye ni mkulima, ardhi anaijua. Mama akamsihi mara mbili. Luhende alikuwa na haraka ya kuhama, na mama ni mtu mpole, akanyamaza.

Jamani, yule mtu alifanya kazi! Alifyeka, akazibua mfereji, akainua matuta yaliyonyooka utadhani yamepimwa kwa kamba. Katika kona ya juu alikuta masale, ile mimea ya majani marefu isiyoliwa, imepandwa kwa duara. Akaona ni uchafu tu. Akaing'oa, na mingine yote ya mpakani, akaichoma, kisha akasia mchicha pale konani. Mchicha ukastawi ajabu. Fungu la kwanza alimpelekea mama Ndeshingio, kwa moyo mweupe kabisa. Mama akapika, akala, akamwombea baraka.

Kesho yake mama alikuja mwenyewe kushukuru, akapanda taratibu hadi kona ya juu. Fimbo ikamponyoka.

“Baba, hapa nilimlaza binti yangu,” alisema. “Na jana nimekula mboga zilizoota juu yake.”

Ndugu zangu, Luhende aliketi chini juu ya tuta. Hakuwa mwizi, hakuwa katili. Alikuwa amelima tu, na alilima vizuri, na hilo ndilo linalonitisha. Mama akageuka, akaondoka bila kuokota fimbo yake.

Jioni ile jirani mmoja alimweleza Luhende kwamba watu wa mlima ule, kosa likiwa zito, humpelekea aliyekosewa jani la sale, mmea uleule wanaouzungushia makaburi, naye akiliona hawezi kukataa kusamehe. Luhende akainuka kwenda kulitafuta. Akalizunguka shamba kuanzia kona ya juu hadi mferejini, kwa mara ya kwanza akitazama kila kitu kilichomo. Hakuwa amebakiza hata jani moja.

Nawe uliyekabidhiwa nyumba au usharika ambao wengine waliulilia kabla yako, je, ulikubali kuzungushwa kabla hujashika jembe?