Jogoo wa Nakijwa

Haya, sogeeni. Mwenye muwa autafune polepole, maana hadithi ni fupi ila swali lake ni gumu.

Huko Upareni walikuwepo watu watatu wa usharika mmoja. Mbonea, katibu wa wazee wa kanisa, alijaliwa ukaidi. Namkunda alijaliwa mikono isiyojua kupumzika. Elieskia wa kwaya alijaliwa sauti, na mdomo pia, Mungu amsamehe.

Na alikuwepo Nakijwa, mwimba sauti ya pili, aliyeliacha kanisa akapika pombe ya miwa miaka saba. Alipougua kifua, woga ukamshika. "Jina langu walishalifuta," alijiambia kila alipokohoa. "Huku duniani na huko juu." Hofu hiyo ilimuuma kuliko kikohozi chenyewe.

Kumbe kila Desemba wazee walimwagiza Mbonea alikate jina lile kwenye daftari la washarika, na kila Desemba Mbonea alijibu, "Kalamu imeisha wino." Miaka saba! Kalamu gani hiyo?

Namkunda alimlimia Nakijwa shamba, akamchotea maji, akampikia uji. "Usinishukuru, kunywa," ndiyo yalikuwa mahubiri yake yote.

Elieskia naye alikuja kila Jumatano, akakaa kibarazani kuimba. Akifika mahali pa sauti ya pili, ananyamaza, anasubiri. Nakijwa alivumilia wiki tatu. Ya nne akashindwa, akaitikia kutoka kitandani.

"Afadhali," Elieskia akasema. "Nilidhani umekufa. Jumapili twende."

Jumapili akaenda kwa miguu yake, amebeba jogoo wa kumpa yule aliyemrudisha. Bado alihofia ataambiwa hawamtambui. Baada ya ibada Mbonea akafungua daftari. Jina lilikuwepo, safi, halina hata mkwaruzo. Jamani! Nakijwa alicheka, akalia, akacheka tena. Kwa mara ya kwanza tangu augue, alivuta pumzi ikafika chini kabisa.

"Sasa jogoo ni wa nani?" mchungaji akauliza, akimpokea jogoo huyo.

"Hakuna aliyerudishwa," Mbonea akasema. "Huyu hakuwahi kutoka. Jina si hili hapa?"

"Bila uji wangu ungelisoma jina hilo makaburini," akasema Namkunda.

"Na huo uji alikuwa anaunywa amelala," Elieskia akadakia. "Nani alimwinua?"

Bibi mmoja akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Na miguu iliyomleta ni ya nani? Mwacheni aondoke na jogoo wake!"

Nakijwa alikuwa bado anafuta machozi. "Mzee Mbonea," akauliza taratibu, "na kama nisingerudi, jina langu lingebaki?"

Mbonea akaanza kupapasa mfukoni akitafuta kalamu. Jogoo naye akawika humo humo kanisani. Watu wakamkumbuka Petro na jogoo aliyewika alipomkana Bwana wake, wakaangua kicheko, na Nakijwa akacheka kuliko wote.

Lakini mchungaji bado amemshika yule jogoo, na swali halijajibiwa. Haya, wewe uliyemaliza muwa wako: ungempa nani? Na Nakijwa ungemjibu nini?