Doa Jeupe Kwenye Maungio

Kamba ikivutwa huku na huku haiachii penye nyuzi nzima. Hutafuta palipolegea, ikaachia hapohapo. Wengi hudhani methali hii inahusu kamba. Waliofanya kazi katika karakana ile ya matangi wanajua kwamba inahusu watu.

Leo mahali pale ni maegesho ya magari. Enzi hizo, ukipita uchochoro wa nyuma, harufu ya gundi ilikupokea kabla hujaliona geti, na vicheko vya wanawake vikafuata. Kila tangi liliundwa nusu mbili, na walioziunganisha walikuwa Rola, aliyeitwa kwa jina la kifaa chake, na wifi yake, dada wa mumewe. Rola nje, wifi ndani. Walitandika mkeka wa nyuzi za kioo juu ya maungio, wakaulowesha gundi, wakaukandamiza kwa rola mpaka weupe wote ufe.

"Nyuzi ndizo zenye nguvu," Rola alipenda kusema, "ila zisiposhikana, ni nywele tu."

"Kama zako!" wifi alijibu kutoka tumboni mwa tangi.

Wakimaliza kipande, Rola aligonga kwa mpini. Wifi akasikiliza, naye akagonga. Mlio ukiwa butu, walibandua wakaanza upya. Siku hizo Rola alizikumbuka kuliko hata harusi yake.

Kilicholeta mambo ni hewa. Wanawake walikohoa mpaka wakashika mbavu. Rola akawakusanya, wakaapa: bila barakoa na feni, rola zote chini. Tajiri hakufoka. Alimwita wifi peke yake, akampa unyapara huku akibaki na kazi yake ileile. Kesho yake wifi akaja na wimbo mpya: "Tusiwe na papara jamani, tajiri ameahidi." Mgomo ukafa kabla ya kuzaliwa.

Tangu hapo hawakusemezana. Rola akigonga, wifi alijibu papo hapo bila kusikiliza, ilimradi yaishe. Ndipo siku moja Rola akaona doa jeupe chini ya mkono wake, nyuzi kavu ambazo gundi haikuzifikia. Alisita. "Ataliona mwenyewe huko ndani. Si ndiye mkubwa?" Akagonga. Akajibiwa. Mkeka mwingine ukafunika.

Tangi lilipopandishwa jukwaani na kujazwa maji ya majaribio, wifi alisimama chini yake, mikono kiunoni. Rola akasikia ukuta ukilia, tik, tik, kama kuni mbichi motoni. Nyuzi zilikuwa zinakatika mojamoja.

"Wifi, toka hapo!"

Wifi hakugeuka. "Leo umepata ulimi?"

"Linapasuka!"

"Wivu huo. Nenda kafagie."

Rola aliona kubembeleza ni kutwanga maji kinuni. Akavuta pumzi, akapaza sauti karakana nzima isikie: "Ndiyo maana mume wako alitoroka, akaacha hata viatu!"

Wenzao wakaziba midomo. Wifi akageuka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akamjia mbio, kofi liko tayari hewani. Kabla halijatua, maungio yakafumuka nyuma yake kwa kishindo, na maji yakawasomba wote wawili mpaka getini.

Waliinuka wamelowa chepechepe, wameng'ang'aniana.

"Viatu alichukua," wifi alisema akitweta. "Aliacha soksi."

Tajiri akaja akiruka madimbwi. "Kazi ya nani hii?"

Mpasuko ulianzia penye doa. Nyuzi zilichomoza kavu, hazijaguswa na gundi. Rola akafungua mdomo, wifi akamtangulia.

"Yetu. Yeye hakusema, mimi sikusikiliza. Na wewe, tajiri, ulijua pa kutuvutia."

Walifukuzwa kabla nguo hazijakauka. Wanawake wengine waliinamisha vichwa, wakaokota rola zao. Barakoa hazikuja, wala feni, na wengi waliocheka katika uchochoro ule kifua kimeshawazika. Tajiri yule hakuwa na nguvu za kushinda karakana nzima ya wanawake walioshikana. Alipapasa tu mpaka akapata mahali ambapo gundi haikufika, akavuta. Naye mwenye kuvuta hahitaji kuvuta sana, maana kamba hukatikia pabovu.